Mexico ingebaki himaya? Funga ramani, fungua daftari la hazina

Kila anayetunga historia mbadala ya Mexico huja na ramani ileile: himaya ya Kaisari Iturbide ya mwaka 1822, rangi moja kutoka kaskazini mwa California hadi Costa Rica. Kisha dai lilelile: isingekuwa vita ya 1846 na Marekani, iliyoipokonya ardhi ya kaskazini, Mexico leo ingekuwa dola kuu.

Hapana. Rangi kwenye ramani hailipi kodi.

Watu wenyewe walikuwa wachache. New Mexico ilikuwa na wakazi kama 40,000. California haikufikisha 4,000 ukiwaacha wenyeji wa asili, na Texas vivyo hivyo. Nyanda za kaskazini zilitawaliwa na Wakomanche na Waapache, ambao hakuna aliyewauliza kama wanamtaka kaisari. Amerika ya Kati iliunganishwa Januari 1822, ikajitoa Julai 1823. Anayeipaka Costa Rica rangi ya Mexico hadi leo aseme kwanza askari wa kuishika wangelipwa na nani.

Maana Mexico iliishi kwa fedha ya migodini. Mwaka 1809 zilipigwa sarafu za peso milioni 26 hivi. Mwaka 1821 hazikufika milioni 7. Migodi mirefu ya Guanajuato, kama Valenciana, ilikaushwa usiku na mchana kwa magurudumu makubwa yaliyozungushwa na wanyama, yakivuta maji juu kwa mifuko ya ngozi. Vita ya uhuru ilipoanza 1810, wanyama wakachukuliwa na majeshi, wenye mitaji wakakimbia, maji yakapanda. Shimo likishajaa, mbao za kushikilia kuta huoza, na kulifufua ni gharama kubwa.

Hata mawe yenye fedha yakipatikana, yalisagwa, yakatandazwa uani yakiwa tope, yakachanganywa na chumvi, salfeti ya shaba na zebaki, kisha yakakanyagwa na nyumbu wa mizigo kwa wiki kadhaa hadi zebaki ishike fedha. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua kanuni hiyo kwa dhahabu. Sasa, zebaki nyingi ilitoka Almadén, Uhispania, nchi ileile waliyoachana nayo.

Hapo hujibiwa: wangeagiza mashine za mvuke. Ziliagizwa! Kampuni ya Waingereza ilishusha mitambo karibu na Veracruz mwaka 1825 kwa ajili ya Real del Monte. Homa ya manjano ikawamaliza wafanyakazi wengi pwani, na kuipandisha mitambo milimani kulichukua karibu mwaka mzima. Mwaka 1849 wenye kampuni wakauza na kuondoka na hasara.

Katikati ya ukata huo Iturbide akapunguza kodi ili apendwe. Mwishoni mwa 1822 akachapisha noti ambazo watu walizikwepa. Mapato ya uhakika yalikuwa ushuru wa forodha wa Veracruz, lakini ngome ya San Juan de Ulúa, mbele ya bandari hiyo, ilikuwa ya Wahispania hadi Novemba 1825. Kamanda wake, Santa Anna, akaasi hapohapo Veracruz, Desemba 1822. Jenerali aliyetumwa kumzima, Echávarri, akaungana naye Februari 1823. Machi, kaisari akajiuzulu, miezi kumi tangu atangazwe. Vita na Marekani ilikuwa bado miaka 23 mbele. Kwa hiyo jamani, 1846 iacheni.

Hoja nyingine za watunzi hao majibu yake ni mafupi.

“Wasingewakaribisha walowezi, Texas isingepotea.” Sheria ya Aprili 1830 iliwapiga marufuku Wamarekani, wakaendelea kuingia, kwa sababu mpaka haukuwa na wa kuulinda. Isitoshe, serikali kuu ilipojilimbikizia madaraka mwaka 1835, Zacatecas nayo iliasi, na haikuwa na mlowezi wa kusingiziwa.

“Dhahabu ya California ingewaokoa.” Ilionekana tarehe 24 Januari 1848, siku tisa kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini. Bendera ingekuwa ya Mexico, wachimbaji wangetoka mashariki vilevile. Ni Texas ya pili: walowezi wanajaa, kisha wanajitenga.

“Maximilian angeweza.” Huyu, kaisari aliyewekwa Mexico na Wafaransa, wa ukoo wa Maria Theresa, yule wa kwenye reale zilizotumika Unguja, alianza na deni. Kwa mkataba wa Miramar wa 1864 alikubali kuilipa Ufaransa faranga milioni 270, na kuanzia Julai faranga 1,000 kwa mwaka kwa kila askari wa Kifaransa. Wafaransa walipoondoka mapema 1867, alidumu hadi Juni.

Ukitaka simulizi inayosimama, njiapanda nzuri ni moja. Mpango wa Iguala wa 1821, tangazo la Iturbide la masharti ya uhuru, ulimpa kiti mfalme wa Uhispania au mmoja wa wanawafalme wake. Uhispania ikakataa 1822. Fanya mmoja akubali. Zebaki inaendelea kuja, ngome ya Ulúa inafunguka, forodha inakusanya, na jenerali hana sababu ya kumwita kaisari mzushi. Iachie Amerika ya Kati iende zake. Usiharakishe lakini: mizigo bado itapanda kwa nyumbu kutoka Veracruz hadi mji mkuu, mita 2,200 juu ya bahari, na reli ya njia hiyo ilikamilika Januari 1873.