Saratani ya figo: je, kompyuta yajua nani atapona?

Ami yangu wa Kibokoni amekutwa na saratani ya figo. Binamu yangu asema siku hizi kompyuta husoma jeni (maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli) ikajua nani atapona. Kweli?

Nusu kweli. Kompyuta haimjui ami yako, inajua makundi ya wagonjwa waliomtangulia.

Jeni hizo hutafutwaje?

Mradi wa Marekani uitwao The Cancer Genome Atlas, ulioanza 2006, ulikusanya vipande vya uvimbe, ukapima jeni zake na kuandika kila mgonjwa aliishi muda gani. Matokeo ya saratani ya figo ya seli angavu, ile inayowapata wengi zaidi, yalitoka 2013, kwa wagonjwa zaidi ya 400. Takwimu nyingi ziko wazi: hata mwanafunzi wa Mombasa mwenye kompyuta na bando anaweza kuzipakua. Kisha huchukua jeni moja, akawagawa wagonjwa: huku ambao jeni hiyo inafanya kazi sana, kule ambao imezubaa. Anaangalia kundi lipi liliishi zaidi. Kazi hii ndiyo bioinfomatiki.

Jeni gani zimejulikana?

Maarufu ni VHL. Ikiharibika, seli hudhani imekosa oksijeni, ikaita mishipa ya damu ije kuulisha uvimbe. (Waliogundua jinsi seli inavyohisi oksijeni, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobel 2019.) Lakini VHL imeharibika kwa wagonjwa wengi mno wa aina hii, kwa hiyo haitenganishi mwenye afueni na mwenye hatari. Jeni nyingine iliyo karibu nayo, BAP1, ndiyo ya kuogopwa: ikiharibika, ugonjwa huwa mkali zaidi.

Basi mbona ami hapimwi jeni hizo?

Kwa sababu kuipata jeni ni rahisi, kuiamini ndiko kugumu. Binadamu ana jeni kama 20,000. Ukikubali kukosea mara tano kwa kila mia, jeni 1,000 zitaonekana "zinatabiri" kwa bahati tu. Hata ile isiyo ya bahati huenda si chanzo cha ukali wa ugonjwa: samaki hupanda bei sokoni Kongowea wakati wa kusi, lakini bei haileti upepo. Lazima ijaribiwe upya kwa wagonjwa wengine, na wale wa mradi ule wengi wao walikuwa Wazungu. Mimi tangazo la "jeni mpya" silichangamkii mpaka nione hilo.

Sasa tufanye nini?

Mwulizeni daktari uvimbe una ukubwa gani, umetoka nje ya figo au la, na seli zake zilionekanaje kwenye hadubini. Hayo bado ndiyo msingi wa kukadiria hali yake. Ami akivuta sigara, aache. Presha ipimwe.

Na nyinyi wengine: huku Pwani, mkojo ukiwa na damu twasema kichocho, na mara nyingi huwa ndicho. Ila mtu mzima aliyemeza dawa na damu ikarudi, apigwe ultrasaundi ya figo.