Akina Morgan, Titanic na benki kuu ya Marekani

Wiki hii mteja wa tatu kanitumia klipu ileile: eti J. P. Morgan, yule mwenye benki wa New York, aliizamisha meli ya Titanic ili kuwaua matajiri waliopinga kuundwa kwa benki kuu ya Marekani, na mpaka leo benki hiyo ni mali ya ukoo wake. Halafu ananiuliza kama akinunua hatifungani za Marekani, yaani akiikopesha serikali yake, atakuwa anawatajirisha akina Morgan. Jamani!

Anza na tarehe. Titanic ilizama Aprili 1912. Morgan alifia Roma tarehe 31 Machi 1913. Sheria ya Federal Reserve, ndiyo benki kuu yenyewe, ilitiwa saini tarehe 23 Desemba 1913, marehemu ana miezi karibu tisa kaburini. Ni kweli meli ilikuwa chini ya muungano wa kampuni aliouunda 1902. Lakini kwamba Astor, Guggenheim na Straus, matajiri waliokufa melini, walikuwa wapinzani wa benki hiyo, ushahidi hakuna.

Kilichozaa benki kuu ni taharuki ya kibenki ya 1907. Watu walipanga foleni New York kutoa fedha zao, na hapakuwa na benki kuu ya kuzikopesha taasisi zilizokaukiwa. Mapema Novemba, Morgan, mzee wa miaka 70, aliwaita wakuu wa kampuni za amana (trust companies, zilizopokea fedha za watu kama benki) kwenye maktaba yake, akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Walitia saini mchango wa dola milioni 25 wa kuziokoa kampuni zilizoyumba, alfajiri. Nchi kubwa vile kutegemea ufunguo wa mzee mmoja!

Sikatai, mwaka 1910 wenye benki, akiwamo mshirika wa Morgan, walikutana kwa siri kisiwani Jekyll, jimboni Georgia, kuandika rasimu ya benki kuu, na usiri huo ndio unaolisha uzushi mpaka leo. Ila Bunge lilipitisha sheria nyingine, yenye bodi inayoteuliwa na rais. Hisa za benki za kanda zinazounda Federal Reserve zinashikwa na benki wanachama kwa mujibu wa sheria, haziuzwi, gawio lina kikomo, na faida inayozidi huenda Hazina.

Uzushi mwingine kuhusu benki yenye jina lake: "JPMorgan Chase ni duka la familia." Hisa zake zinauzwa New York kila siku ya soko, soma orodha ya wanahisa kabla ya kufungua YouTube. Na usiichanganye na Morgan Stanley, iliyoanzishwa 1935 baada ya sheria ya 1933 kutenganisha benki za amana na biashara ya dhamana, yaani hisa na hatifungani. Kibali cha JPMorgan nchini Kenya cha 2024 nacho ni cha ofisi ya uwakilishi tu, haipokei amana, kwa hiyo usiniulize akaunti.

Na kuhusu Morgan mwenyewe: "Alianza bila senti." Baba yake alikuwa mwenye benki London.

Maktaba ya ule usiku wa ufunguo, mwanawe aliitoa kwa umma 1924. Ina Biblia tatu za Gutenberg, na siku hizi unaingia kwa tiketi.