"Mbio zote zihesabiwe": dhana zinazoua ligi za pointi kwenye klabu za mbio

Kila Januari simu zinaanza. Klabu ina mwaka mmoja au miwili, watu hamsini sitini wanakutana Jumamosi alfajiri, fulana zimeshachapishwa, kundi la WhatsApp halilali, na sasa kamati imeamua kuwe na ligi ya ndani: mbio kumi za msimu, pointi kila mbio, bingwa atangazwe Desemba. Mimi ndiye mtunza msimamo wa klabu yetu hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa nimewasaidia wengine kupanga ligi zao, namba yangu inazunguka. Kabla sijauliza mna wanachama wangapi, katibu wa upande wa pili anakuwa ameshasema: "Kaka, sisi hilo tumeshalimaliza kikaoni. Ili haki itendeke, mbio zote zihesabiwe."

Wiki hii nimeisikia kwa mara ya tatu tangu mwaka uanze. Naandika ili wa nne nimtumie hii badala ya kumaliza salio.

Dhana: Kuhesabu mbio zote ndiyo haki. Asiyekuja ajilaumu mwenyewe.

Tuanze na hesabu, maana kikaoni hakuna aliyeshika kalamu. Klabu nyingi hutumia mfumo wa mia kushuka: wa kwanza 100, wa pili 99, wa tatu 98. Tuseme kila mbio wanatokea watu 40. Wa mwisho kabisa anapata 61. Mtu huyo akihudhuria mbio zote kumi na kushika mkia mara zote kumi, ana pointi 610. Mwenzake ameshinda mbio sita, akakosa nne kwa sababu ya kazi. Ana 600. Aliyeshika mkia msimu mzima amempita mshindi wa mbio sita. Mkitaka kumpongeza kwa mahudhurio, mnunulieni zawadi ya mahudhurio, nitachangia. Lakini hiyo siyo ligi ya mbio. Hilo ni daftari la mahudhurio lililovaa viatu.

Hapo katibu hunijibu kwamba basi watapanua tofauti za pointi, waige mbio za magari za Formula 1: 25 kwa wa kwanza, 18, 15, 12, mpaka pointi 1 kwa wa kumi. Sawa. Sasa watu thelathini kati ya arobaini wanatoka na sifuri kila mbio, na ifikapo mbio ya nne mnaanza kujiuliza wamekwenda wapi. Ugonjwa haumo kwenye ukubwa wa namba. Umo kwenye kulazimisha kila mbio ihesabiwe.

Tazameni kalenda yenyewe. Klabu ya Dar inayotaka ligi yenye heshima huweka Kilimanjaro Marathon ya Moshi, Tulia Marathon ya Mbeya, NBC Dodoma Marathon, Rock City ya Mwanza, halafu inajazia na mbio za hapa mjini. Moshi ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, Mbeya zaidi ya 800, Mwanza zaidi ya 1,000. Nauli, chumba, ada ya mbio, ruhusa ya kazini. Mwenye mshahara mzuri na bosi mpole anazimudu zote. Dereva wa bodaboda anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 36 hazimudu. Mkihesabu zote mmepima pochi.

Na siyo pochi peke yake. Kilimanjaro Marathon hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mwaka 2025 iliangukia Machi, 2026 Februari na Machi. Mwanachama anayefunga hamuwezi kumwambia "ajilaumu". Mbio mkiweka Jumamosi, Msabato hatokei. Mkizihamishia Jumapili asubuhi, kuna wenye zamu ya kwaya. Nesi yuko zamu ya usiku, mwalimu yuko kwenye usahihishaji wa mitihani, dada mmoja ni mjamzito na mwingine ananyonyesha. Mtu wa aina hiyo anakosa mbio mbili mwanzoni mwa msimu, anapiga hesabu, anaona kileleni hafiki tena hata akipaa. Anaacha. Hagombani na mtu wala haagi. Anaanza tu kusema Jumamosi ana udhuru.

Dawa ni ya siku nyingi: hesabuni nusu ya mbio na moja juu. Mbio kumi, zihesabiwe sita bora za kila mtu. Mbio kumi na mbili, saba. Mkiwa na mbio nane, tano. Mtu akijua kanuni yenyewe inamruhusu kukosa nne, akikosa mbili bado yumo. Rudini kwa wale wawili wa mwanzo: mshindi wa mbio sita anabaki na 600, yule wa mkia anabaki na 366. Sasa msimamo unasema ukweli.

Upinzani huja mbio ya saba. Kwa kuwa sita ndizo zinazohesabiwa, mbio ya saba ndiyo ya kwanza kumtupia mtu alama, na siku hiyo ninapokea ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Kaka, mbona umenifutia pointi zangu za Kibaha?" Sijafuta kitu. Kwa hiyo msizifiche alama zilizotupwa. Ziacheni kwenye msimamo kwa rangi ya kijivu, mwenyewe azione, ajue ni zipi na kwa nini. Malalamiko yatapungua kwa zaidi ya nusu, niamini mimi.

Halafu kila klabu ina mpenzi mmoja wa magari atakayewaletea habari ya mwaka 1988. Ni habari ya kweli. Msimu ule wa Formula 1 ulikuwa na mbio 16, zikahesabiwa 11 bora. Dereva Alain Prost alikusanya jumla ya pointi 105, mwenzake Ayrton Senna 94. Baada ya kutupa zisizohesabiwa, Prost akabaki na 87, Senna na 90, ubingwa ukaenda kwa Senna. Kuanzia 1991 wakaanza kuhesabu mbio zote. "Unaona?" ataniambia huyo ndugu. "Hata wao waliona ni dhuluma."

Naona, lakini anasahau mambo mawili. Kanuni ile ilijulikana kabla ya gari la kwanza kuondoka, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. La pili ndilo zito: dereva wa Formula 1 analipwa ili afike kwenye kila mbio, tiketi kakatiwa, gari limetangulizwa. Kukosa kwake ni ajali. Mwanachama wako amekopa nauli kwa shemeji. Kanuni inayomfaa mtu ambaye kazi yake ni kuhudhuria haiwezi kumfaa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vipuri Kariakoo.

Udhaifu wa sita bora ninao, nausema mwenyewe kabla hamjaniletea. Mwenye mbio sana anashinda sita za kwanza, anafikisha 600, anaweka miguu juu kuanzia Agosti. Mzibieni njia: katika hizo sita, angalau mbili ziwe za umbali tofauti na nyingine, na mbio ya mwisho ya msimu ihesabiwe lazima kwa anayetaka kikombe. Hiyo ya mwisho iwekeni nyumbani, mahali pasipo nauli, Coco Beach au Mlimani, na tarehe yake itangazwe Januari.

Dhana: Asilimia za umri ni huruma kwa wazee

Wanaosema hivi wana miaka 28. Asilimia ya umri hupatikana kwa kuchukua muda wa kiwango cha dunia kwa umri na jinsia yako, ukaugawa kwa muda wako. Kama kiwango chako ni dakika 30 nawe umetumia 45, una asilimia 66.67. Hakuna huruma hapo. Mzee wa miaka 60 mwenye asilimia 75 amefanya kazi kubwa kuliko kijana mwenye 62, basi. Majedwali yanatolewa na chama cha dunia cha wanariadha wakongwe, WMA, na hurekebishwa baada ya miaka kadhaa. Chagueni toleo moja Januari mkae nalo mpaka Desemba.

Tahadhari yangu ni moja: siku mtakapotangaza mfumo huu, watu watazeeka ghafla. Nimeona mtu akiongeza miaka mitano kati ya Machi na Aprili. Ombeni kitambulisho cha taifa.

Dhana: Tulinganishe muda wa mtu wa Moshi na muda wake wa Dar

Hapana. Nusu marathoni ya Moshi inawapandisha barabara ya Mweka kuelekea mlimani. Dar iko usawa wa bahari, tambarare, joto na unyevu vinakukaba koo saa moja asubuhi. Dodoma iko juu, mita zaidi ya 1,000, na hewa yake kavu. Muda wa huku na wa kule ni lugha mbili. Linganisheni nafasi ya mtu ndani ya klabu katika mbio ileile, wote wakiwa wamekula kilima kilekile.

Na wanawake wawe na msimamo wao. Sioni hata sababu ya kulijadili, ila bado naulizwa.

Dhana: Muda wa chipu ndio ukweli, wa bunduki ni wa zamani

Muda wa chipu huanza mtu anapovuka mstari wa kuanzia, wa bunduki huanza kwa wote mlio ukisikika. Kipi mtumie, inategemea mnachopima. Kwenye mbio kubwa za watu maelfu, mwanachama mmoja yuko mbele na mwingine amebanwa nyuma dakika tatu kabla hajaugusa mstari. Hapo tumieni chipu, vinginevyo mnapima ujasiri wa kusukumana. Lakini kwenye mbio yenu wenyewe ya watu arobaini, wa kwanza kufika ni wa kwanza. Septemba 2025 mjini Tokyo, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, tofauti ikiwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kwa sababu Simbu aliutanguliza mwili kwenye mstari. Hakuna aliyeuliza nani alichelewa kuanza. Andikeni kwenye kanuni ni mbio ipi inatumia kipi, mfunge mjadala.

Dhana: Strava inatosha kuwa ushahidi

Programu hiyo ya simu na saa ya kurekodi mbio inatosha kwa mazoezi. Njia ya mbio iliyopimwa kwa kanuni hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikawa fupi. Saa yako inahesabu na yale mapindapinda yako ya kukwepa watu na kufuata maji. Kwa hiyo ikikuandikia kilomita 21.1 za nusu marathoni huku mstari bado unauona mbele, kimbia mpaka mstarini. Kuna aliyesimama, akapiga picha ya skrini, akaniletea. Sikumpa.

Dhana: Aliyegawa maji hakukimbia, hana pointi

Hii inaniudhi kuliko nitakavyoonyesha. Ligi ya ndani bila wagawa maji, waandika namba na mlinzi wa mizigo haipo. Mpeni aliyejitolea wastani wa pointi zake mwenyewe, mwisho mara mbili kwa msimu. Tangu tufanye hivi sijawahi kubembeleza mtu ashike ndoo. Sasa nina orodha ya wanaosubiri zamu.

Dhana: Bila zawadi nono watu hawaji

Watu wanakuja kuona majina yao. Msimamo utoke Jumatatu usiku, siyo Alhamisi, siyo "tukipata nafasi". Msimamo uliochelewa ni kiporo kilichochacha, hakuna anayekigusa. Na hamhitaji programu ya kulipia. Karatasi ya Eksel yenye fomula moja ya kuchagua namba sita kubwa kwenye mstari inatosha, na anayeijua kila klabu yupo, kawaida ni yule mhasibu mkimya anayekimbia nyuma.

Dhana: Sare tutaijadili ikitokea

Ikitokea, mtakuwa mnajadili majina ya watu, siyo kanuni, na marafiki wa huyu watakaa upande huu. Andikeni mapema. Kwanza, nani ameshinda mara nyingi walipokutana wawili hao. Pili, nani ana nafasi za kwanza nyingi, kisha za pili. Tatu, nani alitangulia kwenye mbio ya mwisho. Vyote vikigoma, gawaneni kikombe. Kwetu iliwahi kutokea, kikombe kikakaa Tabata miezi sita na Mbagala miezi sita, na wa Mbagala alikirudisha kimeng'arishwa.