Usilinganishe mshahara wa mwezi na ujira wa siku

Mhitimu amepata barua ya ajira. Anachukua ujira wa siku wa kibarua anayebeba zege, anauzidisha mara 30, na anakuta mshahara wake wa kuanzia umepitwa, au umezidi kidogo tu. Hapo hapo inatolewa hukumu kwamba kusoma ni hasara. Kazi yangu ni kupanga ngazi za mishahara, na hesabu hiyo naiona mara nyingi mno. Ina makosa upande wa kibarua na upande wa mwajiriwa, na makosa hayo hayafutani. Ukiyarekebisha, wakati mwingine ajira inashinda, wakati mwingine kweli haishindi. Lakini utakuwa umejua kwa nini.

Anza na kipimo. Mimi situmii fedha. Natumia ujira wa siku moja wa kibarua wa kawaida mahali hapo, nauita ujira 1, kisha kila kitu nakigawa kwa kiasi hicho: mshahara, ada, nauli, makato. Mshahara ukiwa mara 30 ya ujira wa siku, nauandika ujira 30. Faida yake ni kwamba sehemu kubwa ya mfumuko wa bei inajiondoa yenyewe. Mshahara ukiongezwa asilimia 5 na vibarua nao wakapanda asilimia 5, kipimo kinabaki palepale, na ndiyo hali halisi: hujasogea hata hatua.

Kibarua wa kumlinganisha naye awe ndiye. Watu humchukua mwashi au mchomeleaji na kumwita mtu asiyesoma. Huyo ni fundi, amejifunza miaka, na katika mpangilio wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2008 mafundi wako kundi la 7, wakati vibarua wako kundi la 9. Ukilinganisha mhitimu na fundi, umelinganisha mafunzo ya aina mbili. Ni swali zuri, ila ni jingine. Na kazi kuitwa "isiyo na ujuzi" maana yake ni kwamba unaweza kuianza bila mafunzo marefu. Haimaanishi kwamba ni rahisi, wala kwamba anayeifanya hajui kitu.

Sasa namba. Hizi ni za kukokotolea tu, wewe weka zako.

Kibarua anatoka nyumbani siku 26 kwa mwezi na anapata kazi siku 20. Analipwa ujira 20. Nauli, glovu na buti zinakula 1.5, anabaki na 18.5. Anafanya kazi saa 9 kwa siku, yaani saa 180. Kwa hiyo kila saa 100 za kazi zinamwachia ujira 10.3.

Mwajiriwa ameahidiwa ujira 30 kwa mwezi. Kodi na mfuko wa pensheni vinakata asilimia 18, zinabaki 24.6. Nauli 2.5, mavazi ya kazini 1, mkononi kunabaki 21.1. Mkataba unasema saa 8 kwa siku 22. Uhalisia ni saa 10, na Jumamosi mbili za saa 6, jumla saa 232. Kila saa 100 zinamwachia ujira 9.1. Kwa saa, kibarua anamshinda kwa asilimia 13. Wale wanaolalamika hawajakosea kabisa.

Lakini hesabu haijaisha. Katika makato yale, asilimia 8 ilikwenda kwenye pensheni, yaani ujira 2.4 kila mwezi, na tuseme mwajiri anaweka kiasi hicho hicho. Hiyo ni 4.8 kwa mwezi, 57.6 kwa mwaka, ambayo ni mali ya mwajiriwa ingawa haionekani mkononi. Pia analipwa miezi 12 lakini, kwa sababu ya likizo yenye malipo, anafanya kazi kama miezi 11. Kwa mwaka anapata 253.2 mkononi na 57.6 kwenye mfuko kwa saa 2,552. Kila saa 100 sasa ni ujira 12.2.

Mgeukie kibarua tena. Zile siku 6 alizotoka akakosa kazi hazikuwa mapumziko. Alisimama getini tangu alfajiri, tuseme saa 3 kila siku, hadi ikawa wazi kwamba leo hakuna. Ongeza saa 18. Kila saa 100 zake zinashuka hadi ujira 9.3. Mwajiriwa sasa anaongoza kwa asilimia kama 30.

Kwa nini ujira wa kutwa unaonekana mkubwa ukiutazama peke yake? Mwanauchumi Adam Smith alilieleza mwaka 1776 kwa mfano wa waashi. Hawawezi kufanya kazi wakati wa baridi kali au hali mbaya ya hewa, kwa hiyo wanacholipwa siku ya kazi lazima kiwalishe na siku za kukaa, na kiwape kitu cha kufidia wasiwasi wa kutojua kesho. Ujira wa siku, kwa hiyo, una bei ya siku zisizo na kazi ndani yake. Anayeuzidisha mara 30 anamlipa kibarua mara mbili kwa siku zile zile.

Sasa nenda kwenye barua ya ajira yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi huumia. Usiangalie jumla. Tafuta mstari wa mshahara wa msingi. Mshahara wa ujira 30 unaweza kuwa msingi 28 na posho 2, au msingi 18 na posho 12. Jumla ni ile ile, mikataba ni miwili tofauti kabisa. Mara nyingi nyongeza ya mwaka hupigwa kwenye msingi, na mikataba mingi hufanya hivyo hivyo kwa malipo ya saa za ziada, mchango wa pensheni na kiinua mgongo. Nyongeza ya asilimia 8 kwenye msingi wa 18 ni ujira 1.44, ambayo kwa jumla ya 30 ni asilimia 4.8 tu. Ukiahidiwa asilimia 8, jua ni asilimia 8 ya nini. Posho, zaidi ya hayo, ndiyo ya kwanza kuguswa kampuni ikibana matumizi.

Mstari wa pili ni saa. Mkataba wa kwanza kabisa wa ILO, wa mwaka 1919, uliweka kwa viwanda saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na saa za ziada zinazoruhusiwa zilipwe si chini ya mara 1.25 ya kiwango cha kawaida. Kazi za ofisini mara nyingi huikwepa kanuni ya aina hii kwa sentensi moja: "mfanyakazi anaweza kuhitajika kufanya kazi nje ya saa za kawaida bila malipo ya ziada." Ukiiona sentensi hiyo, weka saa 230 kwenye hesabu yako, si 176. Mshahara ule ule wa mkononi wa 21.1 ukigawanywa kwa saa 176 ni karibu ujira 12 kwa saa 100, kabla hata ya kugusa pensheni. Tofauti kati ya 9.1 na 12 imo yote ndani ya sentensi hiyo.

Hadi hapa tumepima mwaka wa kwanza. Suala zito ni miaka iliyotangulia na inayofuata.

Chukua masomo ya miaka 4, kisha nusu mwaka wa kutafuta kazi. Kibarua wa mfano wetu anapata 222 kwa mwaka. Mwanafunzi ameachia 888 kwa miaka 4 na 111 kwa ile nusu mwaka. Ada na vitabu, tuseme 100 kwa mwaka, ni 400. Jumla, ukivuta namba kidogo, ni ujira 1,400. Chakula na malazi usivihesabu, kwa maana angekula hata kama asingesoma. Hili ni kosa linalofanywa sana: watu huandika gharama zote za maisha ya chuo, halafu wanasahau kipato walichoachia, ambacho hapa ni zaidi ya mara mbili ya ada.

Mwajiriwa wetu anamzidi kibarua kwa ujira 31 kwa mwaka mkononi. Pengo likibaki hilo hilo, atahitaji miaka 45 kurudisha 1,400. Maisha yake yote ya kazi. Mshahara ukipanda asilimia 3 kwa mwaka juu ya ujira wa vibarua, gharama inarudi mwaka wa 16. Ukipanda asilimia 8, inarudi mwaka wa 10. Mshahara wa kuanzia katika mifano yote mitatu ni ule ule. Kilichobadilika ni mwinuko peke yake, yaani kasi ya mshahara kupanda, na ndiyo maana nasema mshahara wa kuanzia, ukiwa peke yake, ni namba maskini sana ya kufanyia uamuzi.

Kuanza chini kuna sababu, na si kila mara ni uonevu. Mwanauchumi Gary Becker alitenganisha mafunzo ya aina mbili katika kazi yake ya mwaka 1964. Kuna ujuzi unaofaa kwa mwajiri mmoja tu, na kuna ujuzi unaoweza kuuchukua ukahamia nao popote. Huo wa pili mwajiri hana sababu ya kuugharimia, kwa sababu ukiiva utaondoka nao. Kwa hiyo mwanafunzi wa kazi ndiye anayeulipia, kwa kukubali mshahara mdogo miaka ya mwanzo. Mwanauchumi mwingine, Jacob Mincer, mwaka 1974, alionyesha jambo linaloendana na hilo: anayewekeza sana katika kujifunza kazini huanza chini ya wenzake, kisha huwapita baada ya miaka kadhaa, mara nyingi chini ya kumi.

Hii inakupa namna ya kutofautisha mshahara mdogo wenye maana na mshahara mdogo wa kunyonywa. Uliza: katika miezi 12 nitajifunza nini ambacho mwajiri mwingine atakilipia? Mhasibu anayeanza na vocha, akafika kwenye usuluhishi wa hesabu za benki, kisha akafunga hesabu za mwaka, analipwa kwa ujuzi pamoja na fedha. Aliyewekwa miaka miwili kupanga mafaili na kutoa nakala amepewa cheo cha mhasibu na kazi ya karani wa mafaili. Huyo analipia mafunzo ambayo hayapo, na akitoka pale soko litamwona kama anaanza.

Kibarua upande wake ana mstari ulio karibu bapa. Siku ya kwanza na mwaka wa kumi malipo yanakaribiana, kwa sababu mwenye kazi ananunua nguvu za siku hiyo. Nguvu zikipungua, siku za kazi zinapungua hata kama ujira haujashuka. Mgongo ukiuma wiki mbili, ni ujira 9 au 10 umepotea bila fidia. Kwenye hesabu ya miaka mingi, usiweke siku 20 kwa mwezi hadi uzee. Mimi hupunguza taratibu kuanzia katikati ya umri wa miaka ya arobaini.

Upande wa mhitimu kuna tahadhari yenye uzito uleule. Wastani wa mishahara ya fani fulani huhesabu waliopata kazi. Waliomaliza wakakaa nyumbani hawamo, walioacha masomo njiani hawamo. Smith alikadiria kwamba anayepelekwa kusomea sheria ana uwezekano wa ishirini kwa moja wa kutoweza kuishi kwa kazi hiyo. Uwiano umebadilika tangu siku zake, lakini kanuni imesimama: zidisha mshahara unaoutarajia kwa uwezekano wa kuupata. Mshahara wa 60 anaoupata mmoja kati ya watatu ni 20 kwenye hesabu yako, pamoja na chochote watakachopata wale wawili wengine.

Wakati wa kuanza nao una bei yake. Utafiti wa wahitimu wa vyuo nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba walioingia sokoni wakati wa mdororo wa uchumi walianza na kipato pungufu kwa takriban asilimia 9, na pengo hilo lilichukua kama miaka 10 kufutika. Waliojinasua walifanya hivyo zaidi kwa kuhamia waajiri wanaolipa vizuri zaidi. Ukianza chini kwa sababu ya hali ya soko, basi, usingoje nyongeza ya asilimia 3 ikutoe hapo. Kaa upate ujuzi unaohamishika, kisha hama mapema.

Kabla ya kusaini, muulize mwajiri mambo matatu, na uandike majibu. Aliyeingia kwa cheo hiki miaka mitatu iliyopita analipwa kiasi gani leo? Kati ya walioingia naye, wangapi bado wapo, na waliotoka walikwenda wapi? Baada ya kipindi cha majaribio, mshahara wa msingi unabadilika kwa kiasi gani, na limeandikwa wapi? Jibu la kwanza ligawe kwa ujira wa leo wa kibarua, si wa miaka mitatu iliyopita. Likiwa 38 pale wewe unapoanza na 30, mwinuko ni asilimia 8 kwa mwaka. Likiwa 31, ni asilimia 1, na miaka ya kurudisha gharama yako inafika kama 23.