Kutu Isiyokuwepo: Dhana Potofu Kuhusu Kupaka Rangi na Kuchakaza Vifaru vya Modeli

Ukipitia picha za vifaru vya plastiki ambavyo watu huviunganisha na kuvipaka rangi nyumbani, utagundua kwamba vingi vimechakaa kwa namna moja. Kutu inatiririka ubavuni, rangi imebanduka kwenye kila ukingo, weusi umejaa kila mfereji. Kifaru cha Kijerumani cha 1943 kinafanana na cha Kimarekani cha 1991. Wengi wetu tunajifunza kwa kutazama modeli za wenzetu badala ya kutazama magari yenyewe, basi kosa la mmoja linarithiwa na mia. Nitakawia zaidi kwenye kutu, maana huko ndiko upotofu ulikoota mizizi.

"Kifaru cha vitani lazima kiwe na kutu"

Tuanze na umri. Vifaru vingi vya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia havikuishi muda wa kutosha kuoza. Kifaru kilitoka kiwandani na rangi mbichi, kikapakiwa kwenye treni hadi mstari wa mbele, na ndani ya miezi michache kikawa kimepigwa, kimetelekezwa au kimerudishwa karakana. Chuma chake nacho si mabati ya paa. Tiger I ya Wajerumani ilikuwa na bamba la milimita 100 mbele na 80 ubavuni. Chuma cha unene huo hakitoboki wala hakichaniki kwa kutu kama mlango wa daladala kuukuu. Rangi ikikwanguliwa, panashika wekundu mwepesi wa juu juu, na pale buti za askari zinapopita kila siku hata huo haukai, panabaki chuma cheusi kilichosuguliwa.

Kutu ya kweli ina makao yake. Ya kwanza ni ekzosi: joto linaunguza rangi, chuma kinabaki wazi, mvua inapiga, moto unakausha, mpaka bomba linakuwa na rangi ya udongo uliochomwa lenye masizi mdomoni. Ya pili ni minyororo, ile inayozunguka magurudumu na kukanyaga ardhi. Ya tatu ni vipande vya akiba vya minyororo vilivyofungwa mbele au ubavuni, na vichwa vya sururu na shoka. Mbali na hapo, kabla hujachovya brashi kwenye rangi ya kutu, jiulize maji yametuama wapi na rangi imetoka kwa sababu gani.

Halafu kuna magari ambayo bodi yake haiwezi kushika kutu hata ukitaka. M113 ya Wamarekani, deraya iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kusambaa dunia nzima, bodi yake ni ya alumini. Ukiikwangua unapata weupe wa fedha uliofifia. Hata hivyo modeli za M113 zenye michirizi ya rangi ya chungwa kutoka juu hadi chini hazihesabiki. M551 Sheridan, kifaru chepesi cha Wamarekani, inachekesha zaidi: bodi ni alumini, mnara wa mzinga ni chuma cha kawaida cha deraya. Mnara unaweza kuonyesha wekundu kidogo, bodi hapana. Bawaba, boliti na minyororo ya magari hayo bado ni chuma, kwa hiyo mchirizi mwembamba chini ya bawaba unaruhusiwa. Ubavu mzima hauruhusiwi.

Gari lililoungua ni kesi tofauti, na hapo watu wengi hupaka kutu *pungufu*. Moto ukishakula rangi yote, chuma kitupu kinabadilika kuwa cha chungwa ndani ya muda mfupi sana, tena chungwa kali, si ile kahawia ya ekzosi. Palipokuwa na joto kupita kiasi panabaki majivu meupe. Mpira wa magurudumu unateketea na kuacha ringi tupu. Na kama gari linabebwa na torshenba, yaani vyuma virefu vinavyojisokota badala ya springi, moto huzilegeza, gari linashuka na kukalia tumbo. Nimeona modeli za vifaru vilivyoteketea, rangi imepakwa kwa ustadi wa kutamanisha, lakini gari limesimama wima kama limetoka dukani, na mpira uko palepale kwenye magurudumu.

"Kadiri rangi inavyobanduka, ndivyo inavyoonekana halisi"

Hapa hesabu inatosha. Kwenye skeli ya 1/35, milimita moja ya modeli ni sentimita tatu na nusu za gari halisi. Alama ya sponji iliyochovywa rangi, unayoigusisha kwa sekunde moja, yenye upana wa milimita mbili, ni jeraha la sentimita saba. Kumi na tano za namna hiyo kwenye kifuniko kimoja, na hilo gari limepigwa mawe na kijiji kizima. (Skeli yenyewe haikutoka jeshini, kwa faida ya wanaodhani ni kipimo cha kijeshi. Ilizaliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ilipotengeneza modeli ya kifaru Panther inayotembea kwa mota, na bodi ikabidi iwe na ukubwa wa kumeza mota na betri.)

Rangi hubanduka panaposhikwa na kukanyagwa: ukingo wa kifuniko, njia ambayo dereva hupandia, chini ya vishikio vya zana, ncha za madigadi. Na mikwaruzo mingi haifiki kwenye chuma. Inaishia ndani ya rangi yenyewe, ikiacha mstari wa rangi ileile iliyopauka. Ndiyo maana kwanza napiga alama nyembamba za rangi ya msingi iliyoongezwa weupe kidogo, kisha ndani ya chache kati ya hizo naweka kahawia iliyokolea. Chache, narudia. Ukiweka kahawia ndani ya kila alama umerudi kulekule.

Mbinu ya spreya ya nywele inasifiwa kwa kila kitu, lakini pahali pake hasa ni chokaa ya majira ya baridi, ile nyeupe ya kujifichia thelujini. Unapuliza spreya ya nywele juu ya rangi ya msingi, ikikauka unapaka akriliki nyeupe, kisha unalowesha kwa maji na kusugua kwa brashi ngumu. Nyeupe inatoka vipandevipande. Inafanya kazi vizuri kwa sababu ndivyo chokaa ilivyokuwa kwenye medani ya Mashariki, kule Urusi, mwaka 1942: rangi ya muda, iliyopakwa kwa brashi au hata ufagio, ikioshwa na theluji inayoyeyuka na kufutwa na makoti ya askari.

Magari ya kisasa ya Marekani yanadai kiasi zaidi. Tangu miaka ya 1980 hupakwa rangi ngumu ya poliyurethani iitwayo CARC, iliyoundwa isinyonye sumu za silaha za kemikali na istahimili dawa za kuziosha. Haibanduki kirahisi. Abrams ya jangwani inataka vumbi, madoa ya mafuta yaliyomwagika wakati wa kujaza, na nyayo za buti. Sponji iache kabatini.

"Kuna kopo moja la rangi sahihi"

Mabishano ya rangi hayaishi, na mara nyingi yanafanyika kana kwamba jeshi lilinunua makopo yake dukani, yote ya toleo moja. Chukua njano iliyokolea ya Wajerumani, Dunkelgelb. Amri ya kuitumia ilitoka Februari 1943, na pamoja nayo vikosi vikapewa makopo ya rangi nzito ya kijani na ya kahawia nyekundu ili askari wajipakie mabaka wenyewe. Rangi hiyo iliyeyushwa kwa petroli, au kwa maji petroli ikiwa adimu. Ikipakwa nzito inafunika. Ikipakwa nyepesi, njano inachungulia. Kopo moja, rangi tatu. Ukinionyesha mabaka yenye kingo safi na unene uleule kwenye kikosi kizima, nitakuuliza ni askari gani hao.

Vifaru vya Wajerumani vilivyoingia Poland 1939 navyo kwa miaka mingi vilipakwa kijivu kitupu na watengenezaji wa modeli. Ukweli ni kwamba kuanzia 1937 hadi amri ya Julai 1940 vilikuwa kijivu kilichokolea na theluthi moja ya kahawia. Rangi hizo mbili zote zimekolea, kwenye picha nyeusi na nyeupe hazitofautiani, basi jicho likaona kijivu na ikaaminika hivyo. Waingereza walikumbwa na upande wa pili wa jambo hilo. Mabaka yao ya jangwani ya 1940 na 1941, yanayojulikana kwa jina la Caunter, yalipakwa upya kwenye baadhi ya magari ya makumbusho kwa samawati ya kung'aa, na samawati hiyo ikaingia kwenye modeli. Rangi iliyokusudiwa iliitwa kijivu-fedha, nayo ilikuwa kijivu chenye ukijani.

Je, rangi ipaushwe kwa kuwa modeli ni ndogo? Kidogo, naam; gari la mita saba ukilitazama kwa mbali linafifia. Lakini si kwa nyeupe tupu. Kijani ukikitia nyeupe kinakuwa cha pipi. Tia njano au rangi ya mchanga.

"Tope ni kahawia"

Tope ni udongo wa mahali fulani uliochanganyika na maji ya kiasi fulani. El Alamein vumbi ni la chokaa, jeupejeupe, na kifaru kinachotembea huko kinapauka chote. Mtu anayetengeneza Type 59 ya Kichina, mojawapo ya vifaru vya Tanzania katika Vita vya Kagera, ana kazi nyingine kabisa: vumbi jekundu la barabara za Kagera na Uganda, na kama amekusudia mapigano ya Lukaya ya Machi 1979, ambako barabara inakatiza kinamasi, basi chini kabisa aweke tope jeusi la kinamasi juu ya wekundu uliokwisha kukauka. Mpangilio huo wa tabaka ndio unaosimulia gari limetoka wapi. La zamani limekauka, limepauka, limejishika nyuma ya magurudumu. La leo ni jeusi zaidi, lina mng'ao, limerushwa kwa michirizi inayoelekea nyuma. Ukilichanganya lote kwenye kikombe kimoja na kulipaka mara moja, umetengeneza gari lililotumbukia mara moja tu.

Juu ya gari hakuna tope, kuna vumbi na nyayo. Tope lililofika juu limeletwa na buti.

Minyororo nayo. Chuma chake cha manganizi hushika kutu ya kahawia haraka gari likilala, lakini likitembea kilomita chache sehemu zinazosugua ardhi na magurudumu hung'aa. Wengi wanajua hilo, kisha wanalitumia hata pasipofaa. Sherman nyingi za Wamarekani zilitumia minyororo yenye vitalu vya mpira, kama T48 na T51. Uso wake unaogusa ardhi ni mpira uliochakaa, wa kijivu cha vumbi. Ukiupitisha penseli ya risasi ili ung'ae, umegeuza mpira kuwa chuma. Aina ya T54E1 ndiyo ya chuma, hiyo ing'arishe.

Mengine, kwa haraka

"Woshi uwe mweusi." Woshi ni rangi iliyoyeyushwa sana ili itiririkie kwenye mifereji. Uchafu unaojikusanya kwenye mifereji kwa kawaida ni vumbi, na juu ya gari la rangi iliyokolea vumbi limepauka kuliko rangi. Kwenye njano tumia kahawia iliyokolea, tena kwenye mfereji na kichwa cha boliti tu, si bodi nzima.

"Kupaka sehemu za juu za kila bamba kwa rangi iliyopauka ndivyo gari lilivyo." Sivyo. Mtindo huo, uliopata umaarufu sana kupitia mafundi wa Uhispania miaka ya 2000, ni taa za jukwaani. Mimi naupenda. Ni sanaa, na mtu aufanye akijua hivyo.

"Zimmerit ilikuwa ya kuficha kifaru." Ule ujiuji wenye mistari uliwekwa kuzuia mabomu ya sumaku yasinate, na viwanda viliacha kuuweka Septemba 1944. Kifaru kilichotengenezwa 1945 hakina.

"Thina ni thina." Hili linawagharimu watu modeli nzima. Thina ya gereji, ile ya kuchanganyia rangi za magari, inayeyusha plastiki ya polistirini. Kwa woshi za enameli na rangi za mafuta tumia tapentaini nyepesi, juu ya akriliki iliyokauka na kupakwa vanishi, wala usiiache ituame kwenye maungio. Plastiki iliyokazwa inaweza kupasuka.

"Akriliki ni ya maji, haina madhara." Ukipaka kwa brashi, sawa. Ukipuliza, chembe zinaingia mapafuni bila kujali zimeyeyushwa na nini. Vaa barakoa ya chujio, fungua dirisha.

Na ile ninayoisikia kuliko zote: "uchakavu utaficha kasoro za kuunganisha." Woshi hufanya kinyume. Inakimbilia kila ufa, ikifika kwenye mshono ambao hukuusugua inachora mstari mweusi kati ya nusu mbili za mzinga, mahali ambapo mzinga halisi hauna mstari wowote. Vumbi la rangi linanata kwenye alama za gundi na kuzitangaza. Sugua kwa msasa, puliza praima ya kijivu, egemeza mzinga chini ya taa ya upande mmoja na uuzungushe taratibu. Mshono ukionekana hapo, rudi kwenye msasa. Praima inasamehe, woshi haisamehi.