Mtihani wa Mtoto Anayesomea Nyumbani Marekani: Jimbo Linadai Nini, na Matokeo Yasomwe Vipi

Mzazi aliyesoma Tanzania, Kenya au Congo anaujua mtihani mkubwa kuwa ni mmoja unaotoka serikalini, unaofanywa kwa wakati mmoja nchi nzima, na ambao matokeo yake huamua kama mtoto ataendelea na masomo au ataishia hapo. Akihamia Marekani na kuamua kumfundisha mwanawe nyumbani, mara nyingi huchukulia kwamba na huko mambo yako vivyo hivyo. Katika kazi yetu ya kuwashauri wazazi wahamiaji tunakutana na wanaohofia mtihani ambao jimbo lao haliudai kabisa. Tunakutana pia na walioambiwa na jamaa zao kwamba hakuna mtihani wowote, kumbe jamaa hao walikuwa wakizungumzia jimbo jingine. Kosa hili la pili ndilo zito, kwa sababu linapogundulika huwa tarehe za kisheria zimekwisha kupita.

Marekani haina mtihani wa taifa kwa watoto wanaosomea nyumbani. Elimu iko chini ya mamlaka ya majimbo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015, inayodai wanafunzi wa shule za umma wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8 na mara moja katika sekondari, inatamka wazi kwamba haigusi elimu ya nyumbani. Kusomea nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, lakini masharti yake yanatofautiana kiasi kwamba familia mbili zinazotenganishwa na mpaka wa jimbo zinaweza kuishi chini ya sheria zisizofanana hata kidogo.

Texas, ambako familia nyingi za Wakongomani zimepata makazi, haidai mtihani. Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua mwaka 1994 kwamba elimu ya nyumbani inayotolewa kwa nia ya kweli na kwa mtaala wa maandishi huhesabiwa kuwa shule binafsi. California nayo haidai mtihani kwa mzazi anayejiandikisha kama shule binafsi, ila anatakiwa kuwasilisha hati ya kiapo kila mwaka kati ya tarehe 1 na 15 Oktoba. Ohio ilidai tathmini ya kila mwaka kwa muda mrefu, kisha ikaondoa sharti hilo Oktoba 2023. Arkansas ilikwisha kufanya hivyo mwaka 2015 na South Dakota mwaka 2021. Kwa hiyo maelezo ya mtu aliyefundisha nyumbani miaka kumi iliyopita, hata kama ni mkweli na anaishi jimbo lilelile, hayatoshi. Tovuti ya idara ya elimu ya jimbo ndiyo ya kusomwa kwanza, na isomwe upya kila kiangazi.

Yapo majimbo yanayodai mtihani lakini hayaweki alama ya chini. North Carolina inataka kila mtoto wa shule ya nyumbani afanye mtihani sanifu (yaani wenye maswali na masharti yaleyale kwa watoto wote) mara moja kwa mwaka, unaopima sarufi ya Kiingereza, kusoma, tahajia na hisabati, na mzazi ahifadhi matokeo ili mkaguzi akiyataka ayaone. Georgia inataka mtihani angalau kila baada ya miaka mitatu, kuanzia mwisho wa darasa la 3, na matokeo yabaki katika kumbukumbu za nyumbani bila kupelekwa popote. Pennsylvania huupanga katika darasa la 3, la 5 na la 8, kwa lugha na hisabati, na sheria yake inakataza mzazi kuwa msimamizi wa mtihani wa mwanawe. Zaidi ya hapo, kila mwaka mtathmini mwenye sifa huhojiana na mtoto na kupitia jalada la kazi zake.

New York na Minnesota zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu huko nambari iliyo kwenye karatasi ya matokeo ina athari ya kisheria.

New York inamtaka mzazi atoe taarifa ya nia yake kwa msimamizi mkuu wa elimu wa wilaya kufikia tarehe 1 Julai, au ndani ya siku 14 tangu aanze kama ameanza katikati ya mwaka. Baada ya hapo huandaa mpango wa masomo na kutuma ripoti nne kwa mwaka, na tathmini ya mwaka huambatana na ripoti ya nne. Kwa darasa la 1 hadi la 3 si lazima tathmini hiyo iwe mtihani. Inaweza kuwa maelezo ya maandishi ya mtu mwenye sifa aliyepitia kazi za mtoto na kuzungumza naye. Kuanzia darasa la 4 hadi la 8 mtihani ni lazima angalau mwaka mmoja kati ya kila miwili, na kuanzia darasa la 9 ni kila mwaka. Matokeo yanakubalika iwapo alama za jumla ziko juu ya pasentaili ya 33 (nafasi ya mtoto akilinganishwa na wenzake 100, kama nitakavyoeleza hapa chini), au iwapo zinaonyesha kwamba mtoto amesonga mbele kwa kiasi cha mwaka mmoja wa masomo tangu mtihani uliotangulia. Masharti haya mawili yameunganishwa na neno "au", na wazazi wengi huliruka neno hilo. Mtoto aliye chini ya 33 lakini aliyepiga hatua ya mwaka mzima ametimiza masharti. Asipotimiza lolote kati ya hayo, mpango wa masomo huwekwa chini ya uangalizi kwa muda usiozidi miaka miwili, na mzazi hutakiwa kuandika jinsi atakavyorekebisha upungufu. Mtoto haondolewi katika masomo ya nyumbani kwa sababu ya karatasi moja.

Minnesota, yenye jumuiya kubwa za watu kutoka Afrika Mashariki, inataka mtihani kila mwaka kwa watoto wa umri wa kwenda shule, kuanzia miaka 7. Mzazi na msimamizi wa elimu wa wilaya hukubaliana ni mtihani gani utumike, wapi na kwa utaratibu upi. Alama za jumla zikiwa kwenye pasentaili ya 30 au chini yake, au mtoto akiwa nyuma kwa darasa moja akilinganishwa na wa rika lake, mzazi anawajibika kumtafutia uchunguzi wa ziada ili ijulikane kama ana tatizo la kujifunza. Sheria haisemi mtoto amefeli. Inachotaka ni kwamba mtu achunguze sababu.

Sasa niseme kuhusu nambari zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo machozi yasiyo na sababu hutoka. Pasentaili ya 33 si alama 33 kati ya 100. Mitihani hii hutungwa ili kumlinganisha mtoto na kundi kubwa la wanafunzi wa darasa lake kote nchini. Tuwachukue watoto 100 wa kundi hilo na kuwapanga mstari kuanzia aliyepata kidogo hadi aliyepata kingi. Mtoto aliye kwenye pasentaili ya 33 amewaacha nyuma takriban watoto 33, na huenda amejibu kwa usahihi zaidi ya nusu ya maswali. Mtoto wa katikati kabisa, ambaye hana upungufu wowote, yuko kwenye 50, ingawa mzazi aliyezoea kuona 80 ndiyo alama nzuri humwona kama aliyeshindwa. Na kwa hesabu yenyewe, karibu theluthi moja ya watoto wa kundi hilo wako chini ya 33, wakiwemo wanaokwenda shule za umma kila siku.

Jambo la pili hufuata kutoka hilo. Mtoto aliyekuwa kwenye 40 mwaka jana na akabaki kwenye 40 mwaka huu hajasimama mahali pamoja. Wenzake wamesoma mwaka mzima, naye amekwenda nao sambamba. Kinyume chake, anayeshuka kutoka 60 hadi 45 bado yuko juu ya viwango vya kisheria nilivyotaja, lakini mimi ningemwangalia yeye kwa makini zaidi kuliko wa kwanza. Virginia hutumia kipimo cha ngazi tisa badala ya pasentaili na hutaka mtoto awe katika ngazi ya nne au juu yake, ambayo huanzia karibu na pasentaili ya 23. Njia mbadala mojawapo huko ni barua ya mwalimu mwenye leseni aliyemtathmini mtoto.

Karatasi nyingi za matokeo huonyesha pia kipimo cha darasa, kwa mfano 6.2 kwa mtoto wa darasa la 3. Mzazi hufurahi na kutaka kumrukisha madarasa matatu. Nambari hiyo ina maana kwamba katika maswali ya darasa la 3 amefanya kama ambavyo mwanafunzi wa kawaida wa darasa la 6 angetarajiwa kufanya katika maswali hayohayo. Hakuna aliyempima masomo ya darasa la 6.

Kwa familia zetu kuna suala zito kuliko yote haya, nalo ni Kiingereza. Mtoto aliyefika mwaka jana kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma akipewa mtihani sanifu wa Marekani, kama ule uitwao Iowa au Stanford, hupimwa ufahamu wake wa lugha katika karibu kila ukurasa, hata ule wa hisabati. Kwa hiyo usiishie kwenye alama za jumla. Linganisha sehemu ya hesabu tupu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya na sehemu ya mafumbo ya hesabu yaliyoandikwa kwa maneno. Akiwa imara katika ya kwanza na dhaifu katika ya pili, ni dalili kubwa kwamba kinachompunguzia alama ni lugha, na mafunzo ya mwaka unaofuata yaelekezwe huko. Maelezo haya yaandikwe na kupelekwa kwa msimamizi wa elimu pamoja na matokeo. Lakini mzazi asimtafsirie mtoto maswali wakati wa mtihani, wala asimwongezee muda kwa huruma bila idhini ya kanuni za mtihani huo. Watoto wa kundi la kulinganishia hawakupewa msaada huo, kwa hiyo alama zitakazopatikana hazitamlinganisha na mtu yeyote. Penye dalili za ulemavu wa kujifunza, sheria ya shirikisho inayataka majimbo yawatafute na kuwachunguza watoto wote wenye ulemavu, na wanaosomea nyumbani wamo. Ombi la uchunguzi huo lifanywe kwa maandishi.

Kuhusu gharama, kila jimbo lina utaratibu wake. New York mtoto anaweza kupimwa katika shule ya umma ya wilaya yake. Akipimwa mahali pengine, gharama za ukumbi, usafiri na msimamizi wa mtihani ni za mzazi. Kabla ya kununua mtihani mtandaoni, hakikisha jimbo lako linautambua, uliza msimamizi wa mtihani anatakiwa awe na sifa gani, na uangalie kundi la kulinganishia lilipimwa mwaka gani. Matoleo ya zamani huuzwa kwa bei nafuu, lakini humlinganisha mtoto wa leo na watoto ambao sasa ni watu wazima. Mtihani ufanywe mapema katika majira ya kuchipua, kwa sababu matokeo huweza kuchukua wiki kadhaa, na ripoti ya mwisho wa mwaka haisubiri.

Weka nakala ya kila karatasi, hata jimbo lisipoidai. Familia ikihama kutoka Texas kwenda New York, kipengele cha maendeleo ya mwaka mmoja hakiwezi kumsaidia mtoto asiye na matokeo ya mwaka uliotangulia. Na wanaopanga kurudi nyumbani wajue mapema kwamba matokeo haya si cheti. Baraza la Mitihani la Tanzania hufanya ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya nje, na mtihani wa Iowa wa darasa la 8 si cheti cha sekondari. Mtoto mkubwa anayehitaji hati ya kumaliza sekondari akiwa Marekani anaweza kufanya mtihani wa GED, wenye masomo manne na alama ya kufaulu ya 145 kwa kila somo. Kabla ya kulipia, mzazi aliulize kwa maandishi baraza la mitihani la nchi anayokusudia kurudi kama linaitambua hati hiyo na kwa ngazi gani.