Kuunganisha poti za swichi: achana na mode on, weka LACP

Kuna siku nilihangaika karibu masaa matatu na swichi mbili za mtandao zilizounganishwa kwa kebo mbili, mtu mmoja anafika kwenye seva vizuri tu, aliye meza ya pili hafiki kabisa, na ukiangalia kwa amri ya show interfaces status poti zote connected, hakuna hata eror moja. Kumbe faiba moja ilikuwa imekatika katikati, ila poti zilikuwa zinaingia kwenye konvata (kiboksi cha kuunganisha kebo ya kawaida na faiba) na konvata ndio ilikuwa inashikilia taa iwake. Na aliyeweka ile bando, yaani poti zilizofungwa pamoja zifanye kazi kama njia moja, alitumia amri ya channel-group 1 mode on.

Tatizo la mode on ni kwamba swichi haiongei na mwenzake. Ikiona poti iko juu inaamini njia ni nzima, inaendelea kumwaga trafiki huko, na kwa sababu trafiki inagawanywa kwa hesabu ya anwani za MAC au IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao), wanaopotelea kwenye kebo mbovu ni walewale kila mara. Ndio maana ilionekana kama kompyuta zao ndio mbovu!

LACP, itifaki ya swichi kuzungumza kuhusu bando iliyokuja na kiwango cha 802.3ad mwaka 2000 (siku hizi iko kwenye 802.1AX), inatuma vipaketi vya kujuliana hali, kawaida kila sekunde 30, na ikikaa sekunde 90 bila kusikia kitu inaitoa ile poti kwenye bando. Ukiweka lacp rate fast pande zote, kama swichi yako inaikubali, inakuwa sekunde 1 na 3. Kwa kweli sioni sababu ya kutoiweka.

Kwenye Cisco ni interface range gi1/0/1 - 2, halafu channel-group 1 mode active. Upande wa pili weka active pia, passive kwa passive hazisalimiani, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Baada ya hapo mambo ya VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) na trunk (njia inayobeba VLAN nyingi) fanyia kwenye port-channel yenyewe, yaani ile bando, maana ukigusa poti moja moja zikaja kutofautiana, poti iliyotofautiana inasimamishwa, na tafadhali ukiongeza VLAN usisahau neno add, switchport trunk allowed vlan 30 bila add inafuta zote zilizokuwepo na unaweza kujifungia nje hapohapo.

Halafu gigabiti mbili za bando sio gigabiti 2 za faili moja, faili moja linapita kebo moja tu.

Ukimaliza andika show etherchannel summary, unataka SU kwenye bando (inafanya kazi) na P kwenye kila poti (imo ndani ya bando), ukiona I hiyo poti iko peke yake. Kisha acha ping (amri ya kupima kama kifaa kingine kinafikika) inaendelea, chomoa kebo moja makusudi, P inageuka D (poti iko chini) na ping inaendelea. Rudisha kebo, P ikirudi ndio upige write memory kuhifadhi mipangilio.